Picha za miradi: Shahidi wa msanifu majengo mbele ya mteja asiyemjua

Katika mji wa Eagan, jimboni Minnesota nchini Marekani, mteja humfahamu msanifu majengo kwanza kupitia kioo cha kompyuta au simu yake. Picha zilizowekwa kwenye tovuti ndizo zinazomfanya apige simu au aendelee na safari yake. Kwa wasanifu waliotoka Afrika Mashariki, ambao kazi zao zimesimama maelfu ya kilomita kutoka hapo, jambo hilo lina uzito wa pekee.

Eagan ni mji wenye wakazi zaidi ya 68,000 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020. Uko kusini mwa Saint Paul, ng'ambo ya Mto Minnesota ukitokea uwanja wa ndege wa kimataifa wa Minneapolis–Saint Paul. Hauna minara mirefu wala mitaa ya kale. Una vitongoji vya nyumba zenye nyua pana, shule, maghala, maegesho ya magari na ofisi zilizojificha nyuma ya miti.

Mji wa namna hii haumtangazi msanifu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar au kule Lamu, fundi hujulikana kwa mlango aliouchonga, kwa kuwa wapita njia huuona kila siku wakiwa kwa miguu. Eagan watu hupita kwa magari, na jengo hata likiwa zuri namna gani huonekana kwa sekunde mbili tatu. Isitoshe, majengo yenyewe hayadumu mahali pake. Kwa miaka mingi shirika la ndege la Northwest Airlines lilikuwa na makao yake makuu Eagan. Shirika hilo liliungana na Delta mwaka 2008, na eneo la makao yake hayo leo linaitwa Viking Lakes, ambako timu ya Minnesota Vikings ilihamishia ofisi na viwanja vyake vya mazoezi mwaka 2018.

Ndiyo maana jalada la kazi, yaani mkusanyiko wa picha, michoro na maelezo ya miradi ambao zamani msanifu aliubeba kwapani na ambao siku hizi huuweka kwenye intaneti, limekuwa dirisha lake la duka. Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kulifanya jalada hilo kama albamu ya harusi: picha mia moja, zote za kupendeza, zote zikifanana. Mteja anayetaka kujenga zahanati hatafuti uzuri peke yake. Anatafuta ushahidi kwamba mtu huyu alipewa tatizo gumu, akalitatua, na kwamba ni yeye kweli aliyelitatua.

Jengo moja, sura mbili

Mfano ulio karibu na Eagan, na unaofahamika vyema kwa watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, ni Riverside Plaza katika mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis. Majengo hayo yalibuniwa na msanifu Ralph Rapson na kufunguliwa mwaka 1973 kwa jina la Cedar Square West. Yana nyumba 1,303, na mnara mrefu kuliko yote una ghorofa 39. Kuta zake ni za zege, zikiwa na mabamba ya rangi nyekundu, njano na buluu. Tangu miaka ya 1990 mtaa huo umekuwa kitovu cha jamii ya Wasomali wa Minnesota.

Katika miaka ya 1970 sura ya nje ya majengo hayo ilionyeshwa kwenye tamthilia maarufu ya televisheni, The Mary Tyler Moore Show, kama makazi mapya ya mhusika mkuu, mwanamke mwenye kazi nzuri na maisha ya kisasa. Miongo michache baadaye majengo yale yale yalipigwa picha kutoka barabara kuu, kwa mbali, chini ya mawingu mazito, yakawa alama ya umaskini na msongamano. Mwaka 2010 yaliingizwa katika Rejesta ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, na picha zikabadilika tena.

Zege halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mpiga picha, saa aliyoichagua, na kama aliwaacha watu ndani ya picha au aliwasubiri waondoke. Picha ya mbali huonyesha jengo na majirani zake, lakini haisemi lolote juu ya mtu anayeishi humo. Ukisogea hadi mlangoni, ukamwona mama akiingia na mifuko ya sokoni huku watoto wakicheza uwanjani, unaanza kuelewa kama njia ni pana ya kutosha, kama kuna kivuli, kama mlinzi anaona lango. Ukisogea zaidi hadi kwenye kona ambapo zege linakutana na dirisha, unaiona mikono ya mafundi. Jalada lenye picha hizo tatu za jengo moja lina nguvu kuliko lile lenye picha thelathini zilizopigwa kutoka upande ule ule wa barabara.

Wapo wasanifu wanaopenda majengo matupu, bila mtu, bila kiti kilichosogezwa. Ni desturi ya zamani ya taaluma hiyo, na kwa kweli ni desturi inayowadhulumu wenyewe, kwa kuwa bila mtu msomaji hawezi hata kukadiria urefu wa mlango.

Jengo linapotoweka

Rapson huyo huyo, aliyeongoza shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Minnesota kuanzia mwaka 1954 hadi 1984, ndiye aliyebuni ukumbi wa kwanza wa tamthilia wa Guthrie mjini Minneapolis, uliofunguliwa mwaka 1963. Uso wa ukumbi huo ulifunikwa na pazia jeupe lenye matundu ya maumbo mbalimbali, lililosimama mbele ya kuta za vioo. Hali ya hewa ya Minnesota haikulionea huruma. Mwaka 1974 pazia hilo liliondolewa. Mwaka 2006 ukumbi wenyewe ulibomolewa, baada ya Guthrie kuhamia katika jengo jipya kando ya Mto Mississippi lililobuniwa na Mfaransa Jean Nouvel. Rapson alifariki dunia mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 93, hivyo aliishi hadi kuona kazi yake ikiangushwa.

Mtu aliyezaliwa baada ya mwaka 1974 hawezi kuliona jengo hilo kama lilivyobuniwa isipokuwa katika picha za miaka kumi na moja ya mwanzo. Afrika Mashariki ina mfano wake. Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lenye paa la miamvuli ya zege, lilibuniwa na Mtanzania Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970. Moto ulilikumba Julai 2021. 

Msanifu mwenye busara, basi, hupiga picha za jengo mara mbili. Mara ya kwanza ni wiki chache baada ya kukabidhiwa, rangi ikiwa mbichi. Mara ya pili ni baada ya mwaka mmoja au miwili, miti ikiwa imeota na wenye jengo wamekwisha kulizoea. Seti hii ya pili huwa haina mng'ao wa ya kwanza, lakini ndiyo inayojibu swali ambalo mteja haulizi kwa sauti: je, jengo hili linastahimili?

Picha inayoeleza sababu

Hospitali ya Butaro, wilayani Burera kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Ilibuniwa na kundi la MASS Design Group lenye makao yake Boston. Tatizo lililokuwa mbele ya wabunifu lilikuwa kuenea kwa kifua kikuu katika korido zilizofungwa, ambako wagonjwa husongamana wakisubiri. Jibu lao lilikuwa kuweka sehemu za kusubiri nje, kupandisha dari na kuruhusu hewa ipite. Vitanda vilipangwa katikati ya wodi, mgonjwa akiangalia dirisha na mabonde badala ya kumwangalia mgonjwa mwenzake. Kuta zilijengwa kwa mawe ya volkano ya eneo hilo, yaliyochongwa na mafundi wa huko huko.

Picha za Butaro zilisambaa duniani kwa sababu kila moja hubeba sababu yake. Anayeona kitanda kinachoelekea dirishani huelewa wazo zima bila kusoma ukurasa mzima. Picha ya namna hiyo haipatikani kwa bahati: msanifu lazima amweleze mpiga picha, kabla ya kamera kutolewa mkobani, ni uamuzi gani wa usanifu anaotaka uonekane.

Kuna mstari mwembamba hapa. Mwaka 1960 mpiga picha Julius Shulman alipiga picha ya nyumba ya vioo iliyobuniwa na Pierre Koenig katika vilima vya Los Angeles, wanawake wawili wakiwa wamekaa sebuleni na taa za jiji zikimetameta chini yao. Ni miongoni mwa picha za usanifu zinazojulikana kuliko zote. Wanawake hao hawakuwa wenye nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa bado haijamalizika. Je, ulikuwa udanganyifu? Wengi husema hapana, kwa kuwa kioo, paa na mandhari vilikuwa vya kweli. Lakini kufuta nguzo ya umeme iliyoko mbele ya jengo, au kupanda kwa kompyuta miti ambayo haipo, ni jambo jingine. Mteja atakayekwenda kuliangalia jengo hilo kwa macho yake ataiona nguzo.

Jua la kaskazini

Msanifu aliyezoea jua la Dar es Salaam hupata taabu ya kwanza hapa. Dar es Salaam jua la adhuhuri huwa juu ya utosi au karibu yake mwaka mzima. Hata mwezi Juni halishuki chini ya nyuzi 59 hivi. Eagan, iliyoko karibu na latitudo ya 45 kaskazini, jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba hufikia nyuzi 22 tu juu ya upeo wa macho. Kati ya mwishoni mwa Septemba na mwishoni mwa Machi, ukuta unaoelekea kaskazini haupigwi na jua moja kwa moja hata kidogo. Jengo ambalo lango lake linaelekea kaskazini likikabidhiwa Oktoba, afadhali kusubiri hadi Juni, ambapo jua la alfajiri na la jioni huligusa kwa pembeni. La sivyo, lipigwe picha siku ya mawingu mepesi, ambapo mwanga ni sawa pande zote.

Theluji nayo ina hila zake. Kamera hudhani kuwa kila kitu kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, kwa hiyo huigeuza theluji kuwa kijivu na jengo kuwa jeusi. Dawa yake ni kuiongezea kamera mwanga kwa hatua moja au mbili kupita kile inachopendekeza. Wasanifu wengi huikwepa theluji na kuonyesha miradi yao ikiwa katika majani ya kijani tu. Huo ni upungufu. Mteja wa Minnesota huishi na theluji miezi kadhaa kila mwaka, naye anataka kujua mlango hauzibwi, barafu haidondokei ngazi, na chumba bado kina mwanga.

Na Desemba ina zawadi moja. Jua hutua yapata saa kumi na nusu jioni, wakati ofisi na maktaba bado zimejaa watu. Dakika ishirini baadaye mbingu huwa buluu iliyokolea na taa za ndani hung'aa kupitia vioo, watu wakiwa kazini mwao. Mwezi Juni mpiga picha angelazimika kusubiri hadi baada ya saa tatu usiku, na asingekuta mtu.

Wanaotaka picha za kutoka angani kwa droni hawana budi kukumbuka kwamba Eagan iko jirani kabisa na uwanja mkubwa wa ndege. Tangu Agosti 2016 sheria ya Marekani inamtaka anayerusha droni kwa shughuli za biashara awe na cheti cha mamlaka ya usafiri wa anga, na karibu na uwanja kama huo huhitajika pia kibali cha kuingia katika anga inayodhibitiwa. Kwa nyumba ya kawaida, ngazi ndefu na kibali cha jirani mara nyingi vinatosha.

Picha ni ya nani?

Hapa ndipo mambo huharibika. Nchini Marekani hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga, na hudumu maisha yake yote na miaka 70 baada ya kifo chake. Msanifu aliyemlipa mpiga picha hajainunua picha hiyo; amenunua ruhusa ya kuitumia kwa namna iliyoandikwa katika mkataba. Akimpa mkandarasi aiweke kwenye tovuti yake, au akaituma kwenye gazeti, huenda amevuka ruhusa hiyo. Kwa picha iliyosajiliwa kwa wakati, mahakama inaweza kuamuru fidia ya kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 ikithibitika kuwa kosa lilikuwa la makusudi. Kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 1990 inaruhusu mtu yeyote kupiga picha jengo linaloonekana kutoka mahali pa umma. Ndani ya jengo huhitajika idhini ya mwenyewe.

Ugumu mkubwa zaidi humpata msanifu anayeondoka ofisini. Amefanya kazi miaka sita, amechora ngazi, ukumbi na paa la shule, lakini tovuti ya ofisi inaonyesha jina la kampuni peke yake. Kanuni za maadili za Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani, AIA, zimegusa pande zote mbili: anayeondoka asichukue michoro bila idhini, na mwajiri naye asiizuie idhini hiyo bila sababu ya msingi kwa kazi ambazo mhusika alizifanya na ambazo si za siri. Idhini hiyo huombwa kwa maandishi, na huombwa siku ya kuaga. Ikisubiri miaka mitatu, aliyekuwa msimamizi naye atakuwa ameshahama.

Kwa msanifu aliyesoma Nairobi au Dar es Salaam na kuhamia Minnesota, swali hili ni la riziki. Leseni ya nyumbani haimpi haki ya kujiita msanifu majengo jimboni humo. Cheo hicho kinalindwa na sheria, na hata kukiandika juu ya tovuti bila leseni ya bodi ya jimbo ni kosa. Njia ya kawaida ya kupata leseni inajumuisha uzoefu wa kazi wa saa 3,740 chini ya utaratibu wa baraza la taifa la bodi za usajili, NCARB, na mtihani wenye sehemu sita, pamoja na tathmini ya elimu kwa aliyesoma nje. Ili apate saa hizo sharti aajiriwe, na ili aajiriwe sharti aaminiwe na mtu asiyewahi kusikia jina la chuo chake. Jalada la kazi ndilo linalobeba mzigo huo.

Mara nyingi anachokuwa nacho ni picha za simu ya zamani, zilizopigwa kabla mwenye nyumba hajaongeza ghorofa au kubandika vigae. Hata hivyo hali hiyo ina tiba. Rafiki aliyebaki Mombasa au Kampala anaweza kutumwa na maelekezo kamili: simama hapa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shika simu wima, kuta zisiegemee. Ramani na mchoro wa mkato vikiwekwa kando ya picha vitaonyesha jinsi upepo wa kusi ulivyoelekezwa ndani ya vyumba, na mwajiri wa Eagan atatambua kuwa aliyefikiri hivyo juu ya joto anaweza kufikiri hivyo hivyo juu ya baridi. Vipimo vitajwe kwa mita na kwa futi.

Na zisitupwe picha za wakati wa ujenzi. Picha ya nondo zilizofungwa kabla ya zege kumwagwa, au ya msingi kwenye udongo mbaya, haipendezi, lakini inaonyesha kitu ambacho picha ya jengo lililokwisha kupakwa rangi haiwezi kukionyesha kamwe, kwamba mtu huyu alikuwapo na alijua anachokitazama. Waajiri wenye uzoefu huziangalia hizo kwanza.

Maelezo chini ya picha

Chini ya kila picha yaandikwe mahali, mwaka, ofisi iliyoongoza mradi, jina la mpiga picha, na kwa sentensi moja sehemu ambayo mwenye jalada aliifanya. "Nilichora maelezo ya ngazi na kusimamia ujenzi wake" ni sentensi yenye thamani kuliko "mradi wetu", neno ambalo humfanya msomaji makini ashuku. Faili iwe nyepesi. Upana wa pikseli 2,000 hivi unatosha, kwa kuwa mteja aliye njiani na simu hatasubiri. Iitwe kwa jina la mradi na mji badala ya tarakimu za kamera. Maandishi mbadala ya picha, yanayosomwa na programu za wasioona na pia na mitambo ya kutafuta habari, yaeleze kinachoonekana kwa maneno ya kawaida.

Limebaki suala la picha zinazotengenezwa kwa kompyuta. Wasanifu wamekuwa wakizitumia kwa miongo kadhaa kuonyesha majengo ambayo hayajajengwa, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini tangu programu za akili bandia zianze, mnamo mwaka 2022, kutoa kwa dakika moja picha ya jengo lisilo na mchoro, lisilo na nguzo zinazobeba paa wala mhandisi aliyelikagua, msomaji wa jalada amekuwa na haki ya kutilia shaka kila anachokiona. Ofisi inayotaka kuaminiwa huweka picha za namna hiyo katika ukurasa wake tofauti, na chini ya kila moja huandika kwa herufi zinazosomeka: pendekezo, halijajengwa.